Breki Ilishika

Saa tatu kamili asubuhi, Jumapili tarehe 22 Novemba 1959, Bakar Silima aliondoka Madungu, Chake Chake, juu ya pikipiki ya cc mia tatu na hamsini. Alikuwa wa nne na wa mwisho kuondoka siku ile. Mbingu zilikuwa nyeupe upande wa mashariki na nyeusi upande wa kusini. Barabara ilikuwa kavu.

Safari ilikuwa ya kwenda Vitongoji na kurudi, maili tisa kwa jumla. Barabara ilikuwa ya kifusi na nyembamba, haikuruhusu watu kushindana bega kwa bega. Kila mmoja aliondoka peke yake baada ya mwenziwe kurudi, na Ahmada, fundi wa pikipiki, alishika saa. Watatu walikuwa wamesharudi. Aliyekuwa na muda mfupi kuliko wote, askari mmoja wa polisi, alitumia dakika kumi na nne na sekunde tisa.

Wanaume wa Madungu, Tibirinzi na Wawi walisimama nyuma ya kamba. Wa Wawi walikuja kwa miguu, wengine tangu alfajiri, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kuona mashindano ya namna ile.

"Yakhe," Ahmada alimwambia Bakar kabla ya kushusha mkono, "ukimwona ng'ombe usimpigie honi. Ng'ombe wa Wawi wana kiburi. Na ukianguka, angukia kushoto. Mguu wa kulia bado tunauhitaji."

Waliosikia walicheka. Bakar hakucheka. Alikuwa amebakiwa na siku kumi na tano.

Siku hizo alipewa na kadhi. Mkewe, Mwanapili, alikuwa kwa baba yake, Mzee Kificho, huko Wawi, tangu mwezi wa Mei. Mwezi wa Septemba madai yalifikishwa mahakamani kwa jina la Mwanapili na alama ya dole gumba lake: mume hana kazi, halishi wala havishi, na mke anaomba ndoa ivunjwe. Kadhi alitoa muhula hadi Jumatatu tarehe 7 Disemba. Siku hiyo Bakar alete ushahidi kwamba ana kazi ya kudumu. Asipokuwa nao, hana mke.

Madai hayakuwa na uongo ndani yake. Mwezi wa Agosti 1957 Bakar aliteleza juu ya mkarafuu katika shamba la Mzee Kificho, akaanguka na kuvunja goti la kushoto. Wachumaji wanne waliacha kazi, wakamlaza juu ya kitanda cha kamba na kumbeba hadi hospitali. Goti lilipona, lakini lilikauka. Halikukunjika tena ila kidogo sana. Baada ya hapo hakuweza kupanda mti, wala kusimama kutwa na jembe, wala kuchutama ndani ya ngalawa. Alijaribu vyote vitatu, kwa mfuatano huo.

Pikipiki aliipata kwa bahati. Mwezi wa Februari 1959 alikuwa amekaa nje ya karakana ya Ahmada, kama alivyokuwa akikaa siku nyingi, na Ahmada akamtaka aikalie pikipiki ili apate kukaza mnyororo. Bakar alikaa. Mguu mbovu ulitua juu ya kikanyagio, na kwa muda ule hakukuwa na tofauti baina yake na mtu mwingine yeyote. Kesho yake alirudi akaomba kufundishwa.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Katika pikipiki zile gia ilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Breki ya mkono peke yake, juu ya kifusi, humwangusha mtu. Ahmada aliunga kipande cha chuma kwenye breki ya nyuma ili Bakar aweze kuikanyaga kwa kisigino bila kukunja goti. Kisha wakapima. Kwa mwendo wa maili thelathini kwa saa, Ahmada mwenye miguu mizima alisimama baada ya hatua kumi na nane. Bakar alisimama baada ya hatua kumi na tisa.

Mwenye pikipiki alikuwa Thuwein bin Humoud. Ukoo wake ulikuwa na mashamba ya mikarafuu, lakini yeye alifungua duka la baiskeli na pikipiki mjini Chake, na nduguye alikuwa na jingine Unguja. Mwezi wa Januari vijana wa Unguja wangefanya mashindano yao ya pikipiki, ya wasiolipwa, na Thuwein alitaka mtu wa Pemba apande pikipiki ya duka. Baada ya mashindano mtu huyo angebaki Unguja kwa kazi ya kudumu, kuzijaribu pikipiki zilizotengenezwa na kuzifikisha kwa wenyewe. Sharti lilikuwa muda mfupi kuliko wote kwenye njia ya Vitongoji, na sharti la pili alilisema mwenyewe karakanani mbele ya wote wanne.

"Kwenda kila mtu anakwenda. Mimi nataka anayejua kusimama. Sitaki kumpelekea ndugu yangu mtu atakayemwua mteja wake."

Kisha akamtazama Bakar. "Na mguu huo?"

"Breki inashika, Bwana Thuwein."

"Nionyeshe."

Bakar alimwonyesha mara tatu. Thuwein aliridhika, akasema kwamba siku atakayosikia breki imemkatalia hata mara moja, mambo yao yamekwisha.

Mazoezi yalianza mwezi wa Machi. Kila alipokwenda Vitongoji Bakar alipita Wawi, na nyumba ya Mzee Kificho ilikuwa pale barabara inapopinda. Siku moja ya Oktoba alimkuta Mwanapili kando ya barabara na mama yake, Bi Kazija, wakigeuza karafuu juani. Alisimama na kuzima moto wa pikipiki. Bi Kazija aligeuka nusu mgongo. Kwa haya ya mkwe hakuwa akisema na Bakar uso kwa uso. Maneno yake yote yalipita kwa binti yake, hata Bakar akiwa hatua tatu.

"Mwambie huyo, punda wake anakohoa," alisema Bi Kazija. "Ampe asali."

"Mama anasema punda wako anakohoa."

"Nimesikia. Mwambie, huyu hali asali, anakunywa petroli tu."

"Mwambie mie mwanangu nilimwoza ntu wa kuchuma. Huyu wa moshi simjui."

Hilo Mwanapili hakulifikisha. Alisogea karibu na pikipiki. "Utashinda?"

"Ahmada anasema nikipunguza sekunde ishirini."

"Nimekuuliza weye, si Ahmada."

"Nitashinda."

"Basi usianguke. Kiungo kimoja kinatosha."

Bakar alitaka kumwuliza habari ya madai yaliyokwenda kwa kadhi, kama kweli aliyataka. Lakini Mzee Kificho alitokea nyuma ya nyumba na kikapu begani. Bakar alimwamkia, akawasha moto, akaondoka. Hakuuliza siku ile wala siku nyingine.

Jambo jingine la Wawi linahitaji kuelezwa. Karafuu mbichi huanikwa kwenye majamvi siku nne au tano, na watu wa Wawi walianika kando ya barabara kwa sababu ndiko kulikokuwa na uwazi. Karafuu iliyokaribia kukauka ikinyeshewa huumuka na kupauka, na ghalani hukataliwa. Kwa hiyo mvua ikianza, aliyepo hukimbilia jamvi lililo karibu naye, liwe lake au la mwingine. Haombwi, wala hashukuriwi. Mwaka ule watu wa vyama viwili vya siasa walikuwa wameshaanza kususiana katika maduka, katika maziko, hata katika salamu. Katika karafuu na mvua hawakususiana. Bakar mwenyewe mwezi ule wa Oktoba alisimama mara mbili njiani, akaacha pikipiki imelala, akabeba majamvi ya watu asiowajua.

Kwa ajili ya mashindano sheha, mkuu wa kijiji, aliwataka watu wa Wawi waondoe majamvi barabarani. Waliyasogeza hadi ukingoni, hatua mbili kutoka njia ya magurudumu. Wala sheha wala Thuwein wala Ahmada hakusema lolote juu ya mvua. Wote watatu walikuwa Wapemba, na kila mmoja wao angekimbia kuanua kama mtu mwingine yeyote. Labda kwa sababu hiyo hakuna aliyeona haja ya kulisema.

Bakar alifika Vitongoji saa tatu na dakika saba. Mwalimu aliyewekwa pale aliandika muda, akainua bendera. Kwa hesabu iliyofanywa baadaye, Bakar alikuwa mbele ya askari kwa sekunde kumi.

Mvua ilianza Wawi kiasi cha saa tatu na dakika tisa. Haikuwa kubwa mwanzoni. Wanaume wengi walikuwa Madungu wakitazama mashindano, na Mzee Kificho alikuwa shambani na wachumaji, nusu maili kutoka barabarani. Kwenye majamvi yake kumi na manne walikuwepo Mwanapili na Bi Kazija tu. Majirani walikuwa wanawake na wazee, na kila mmoja alikuwa na ya kwake ya kuanua.

Jamvi lililojaa hubebwa na watu wawili, kila mmoja pembe mbili. Bi Kazija hakuwa na nguvu hizo. Alikuwa akizoa karafuu kwa pakacha. Mwanapili alikuwa akiliburura jamvi peke yake kuelekea nyumbani.

Bakar aliingia kwenye kona kwa mwendo wa kiasi cha maili thelathini. Kutoka hapo hadi kwa Mwanapili palikuwa na hatua zaidi ya themanini, barabara iliyonyooka. Alimwona. Mwanapili naye alimwona, akainua mkono mmoja, na pembe ya jamvi ikaanguka na kumwaga karafuu kwenye kifusi.

Bakar alikanyaga breki. Pikipiki ilipungua mwendo. Kisha aliondoa kisigino, akaongeza mafuta, akapita.

Maili ya mwisho alikutana na wanaume wa Wawi. Walikuwa wameona wingu, na walikuwa wakikimbia kuelekea kule alikotoka. Walimpisha, wengine kushoto, wengine kulia. Mmoja alimpigia kelele ya kumpongeza.

Alivuka kamba ya Madungu akiwa amelowa. Ahmada alifuta kioo cha saa kwa kanzu yake na kuitazama mara mbili.

"Kumi na tatu, hamsini na mbili," alisema.

Thuwein alikuwa chini ya mwavuli. Alimpa Bakar mkono, akamwambia barua ya kazi itakuwa tayari kesho.

Mvua ile haikukatika hadi Jumatano. Kati ya majamvi kumi na manne ya Mzee Kificho, matatu yaliwahi kuingia ndani makavu. Karafuu iliyobaki ilitandazwa jikoni, ukumbini na chini ya vitanda, ikapauka. Ghalani ilikataliwa.

Jumatatu asubuhi Bakar alikwenda karakanani kuchukua barua. Ahmada alikuwa akisugua plagi kwa brashi ya waya, na hakumtazama.

"Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Mkeo?"

"Alininyanyulia mkono."

Ahmada aliendelea kusugua. "Kuanua jamvi moja au mawili ni dakika nne," alisema baadaye. "Nimepiga hesabu. Ungekuwa wa mwisho."

"Nilipiga hesabu hiyo hiyo."

"Umeipiga pale pale, juu ya pikipiki?"

"Pale pale."

"Basi nisikilize. Sema breki ilikataa. Ntu mguu mbovu, mvua, njia inateleza, nani atakubishia? Wawi nzima wanataka kusikia hivyo. Mie mwenyewe nataka kusikia hivyo."

"Na Bwana Thuwein akisikia?"

Ahmada aliipuliza plagi, akaiangalia kwenye mwanga, akaanza kuisugua tena ingawa ilikuwa safi.

Hali yenyewe ilikuwa hivyo na haikuhitaji mtu mwenye akili nyingi kuiona. Bakar akisema breki ilikataa, Thuwein ataichukua barua yake, na bila barua kadhi atavunja ndoa. Akisema breki ilishika, atabaki na kazi, na mkewe atajua kwamba alimwona, aliweza kusimama, na hakusimama.

Alhamisi tarehe 26 alikwenda Wawi kwa miguu. Alitoa salamu kwenye kila baraza aliyoipita. Salamu ya dini ni lazima ijibiwe, na ilijibiwa. Hakuna aliyeongeza neno. Kwenye nyumba ya Mzee Kificho mlango ulikuwa wazi na ukumbi mzima ulikuwa umetandazwa karafuu zilizopauka, bila nafasi ya kuweka mguu. Alipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Ndani kulikuwa na watu. Sauti ya kinu ilisikika, kisha ikanyamaza. Baada ya hodi ya tatu aliondoka. Njiani aliketi kwenye kona ileile, juu ya ukingo, mpaka adhuhuri. Mwanamke mmoja aliyepita na mtungi alimwona anahesabu kitu kwa vidole, akaanza upya, akaanza tena. Hakumwuliza ni nini.

Jumatatu tarehe 7 Disemba, saa nne asubuhi, kadhi alifungua faili. Walikuwepo Bakar, Mwanapili, Mzee Kificho, Thuwein bin Humoud aliyekuja kuithibitisha barua, karani, na watu wawili waliokuwa wakingoja kesi zao.

Kadhi aliisoma barua na kumwuliza Thuwein maswali mawili. Je, kazi ni ya kudumu? Ni ya kudumu. Inaanza lini? Mwezi wa Januari, Unguja, na chumba cha mtu na mkewe kipo nyuma ya duka.

"Madai yalikuwa kwamba mume hana kazi," alisema kadhi. "Sasa anayo. Sina sababu ya kuivunja ndoa hii. Mzee Kificho, una neno?"

"Sina, Shehe," alisema Mzee Kificho. "Watu wanasema breki ilimkatalia. Mie nilikuwa shambani, sikuona. Mwenyewe hajasema."

"Breki haimo katika madai."

"Najua, Shehe."

Mwanapili aliomba ruhusa ya kumwuliza mumewe swali moja. Kadhi akamruhusu.

"Breki ilishika?" aliuliza Mwanapili.

Thuwein aliinua kichwa. Barua ilikuwa bado juu ya meza, mbele ya kadhi.

Bakar alimtazama Mwanapili, hakumtazama Thuwein. "Ilishika," alisema. "Nilikanyaga, ikashika. Nikaiachia."

"Basi nataka kujivua, Shehe," alisema Mwanapili. "Mahari yake nitamrudishia."

Kadhi alimweleza kwamba kujivua huko si kama madai ya mwanzo. Mume akikataa, ndoa inabaki, naye atatakiwa kumfuata Unguja. Mwanapili alisema alijua hivyo. Kadhi akamgeukia Bakar na kumwuliza kama anakubali.

Bakar alimwambia Mwanapili, "Ningesimama ningekosa kazi. Leo hii ungekuwa umeshaachishwa."

"Na nani?"

"Na madai yako."

"Dole ni langu," alisema Mwanapili. "Maneno ni ya baba. Nilikuwa nimeshamwambia mama: siku ikifika, nitamwambia Shehe siyataki. Uwe na kazi, usiwe na kazi."

Mzee Kificho aligeuka kumtazama binti yake. Ilionekana wazi kwamba hakuwa na habari hiyo.

"Hukuniambia," alisema Bakar.

"Hukuniuliza. Ulikuwa unapita kila siku."

Karani aliandika kwamba mume aliomba maji, akapewa, akanywa. Kadhi alimpa muda. Mmoja wa wale waliokuwa wakingoja kesi zao alikohoa, akatoka nje. Thuwein alitazama saa yake ya mkononi, halafu akaifunika kwa mkono wa kanzu.

Bakar alimgeukia kadhi. "Nikikataa, atakuja?" aliuliza.

"Atalazimika."

"Nitakuja," alisema Mwanapili. "Nitapika, nitafua. Hutanisikia nikisema neno."

Bakar aliweka gilasi juu ya meza. Kadhi alimwuliza mara ya pili kama anakubali, akamkumbusha kwamba jambo hilo halirudishwi kwa neno la mdomo.

"Nakubali," alisema Bakar.

Kadhi alimtamkisha maneno ya talaka, naye akayatamka. Mashahidi wawili walitia saini. Mwanapili aliweka dole gumba, akalifuta kwa ncha ya kanga. Karani aliandika muda, saa tano na dakika ishirini, na eda ya Mwanapili ikaanza kuhesabiwa kutoka hapo.